Kijana Anakesha na Madaftari Alafu Anasahau, na Tatizo Sio Akili Yake

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye elimu ya vijana na nitakisema moja kwa moja. Tunamfundisha mtoto hesabu, historia, kemia, lugha, yuko darasani miaka kumi na kitu, lakini hakuna hata siku moja mtu anakaa naye kumweleza kichwa chake kinashikaje mambo na kinayaachiaje. Anaambiwa tu soma kwa bidii. Sasa kwa bidii vipi? Hapo kila mtu kimya, mtoto anaenda kujibunia njia yake mwenyewe, na njia ambayo karibu kila mtoto anaibuni ni ile ile, kurudia kusoma notisi mara tatu nne tano, kupiga mistari ya rangi kwenye kitabu, na kukremu usiku wa kuamkia mtihani. Na tafiti za namna binadamu anavyojifunza, ambazo zimeanza zaidi ya miaka 130 iliyopita, zinaonyesha hizo ni kati ya njia dhaifu kabisa za kutunza kitu kichwani. Yani watoto wetu wanajituma kweli kweli ila nguvu inaenda pasipo na matunda.

Tuanze na kusahau manake hapo ndio mzizi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, anazikariri kwa mpangilio mpaka anazitaja bila kukosea, anaziacha, alafu baada ya muda anazikariri upya na kupima safari hii ameokoa muda kiasi gani ukilinganisha na mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 hivi alikuwa anaokoa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku nzima 34, na baada ya mwezi 21. Ziangalie hizo namba vizuri, sehemu kubwa inapotea siku ile ile ya kwanza, alafu kinachobaki kinapungua taratibu. Mwaka 2015 Murre na Dros kule Uholanzi walirudia jaribio lile na mchoro wa kasi ya kusahau ukatoka karibu ule ule. Kweli silabi zisizo na maana sio somo la baiolojia, kitu chenye maana na kinachoungana na unachokijua tayari kinakaa zaidi, lakini mwelekeo haubadiliki, kinachofundishwa mara moja na kuachwa kinaporomoka.

Sasa chukua hiyo alafu uangalie shule inavyopangwa. Mada inafundishwa wiki mbili, inapigiwa testi, inafungwa, tunahamia nyingine, na ile ya kwanza haitajwi tena mpaka karibu na mtihani wa mwisho ambapo mwanafunzi anaifungua na kuiona kama kitu kigeni, anajiona mjinga, na mwalimu naye anasema hawa watoto hawasomi. Hapana. Walisoma, wakaelewa siku ile, alafu ratiba yenyewe ikahakikisha wanasahau. Kusahau ni kawaida ya ubongo wenye afya, na ratiba iliyopangwa kana kwamba watu hawasahau ndio yenye kasoro.

Jaribio ambalo natamani kila mwanafunzi alijue ni la mwaka 2006, la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani. Walichukua wanafunzi wakawapa makala fupi za sayansi za kusoma. Kundi moja likasoma, alafu likarudia kusoma. Kundi la pili likasoma mara moja, alafu makala ikachukuliwa, wakapewa karatasi waandike kila wanachokumbuka, na hakuna aliyewasahihisha wala kuwaambia wamekosa wapi. Dakika 5 baadae wakapimwa, waliorudia kusoma wakaongoza, asilimia 81 kwa 75. Ukiishia hapo utasema si unaona, kurudia kusoma ndio mpango. Lakini wengine walipimwa baada ya siku mbili na mambo yakageuka, waliorudia kusoma 54, waliojikumbusha kwa karatasi tupu 68. Baada ya wiki ikawa 42 kwa 56.

Wakaenda mbali zaidi. Kwenye jaribio la pili kundi moja likasoma kwenye vipindi vinne mfululizo, kiasi kwamba kwa wastani kila mtu aliipitia makala mara 14 hivi, na kundi lingine likapata kipindi kimoja tu cha kusoma, wakaipitia kama mara tatu na nusu, vipindi vitatu vilivyobaki ni kujikumbusha bila kuangalia. Baada ya wiki waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia 40 na wale wa mara tatu na nusu wakakumbuka 61. Ila kinachonishtua mimi kuliko hata hizo asilimia ni kwamba walipoulizwa mapema unadhani wiki ijayo utakumbuka kiasi gani, waliosoma mara 14 ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi. Waliokuja kuambulia kidogo ndio waliojiamini sana.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Hisia ya kujua na kujua kwenyewe ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi vinapishana kabisa. Ukisoma ukurasa mara ya nne maneno yanateleza, macho yanayatambua, kichwa kinasema hiki nakijua, kumbe unachokijua ni sura ya ukurasa. Mtihani haukuulizi kama unautambua ukurasa, unakuuliza uutoe kichwani ukiwa haupo. Kutoa ni kazi nyingine na inabidi ifanyiwe mazoezi yenyewe. Na kila unapojilazimisha kutoa kitu kichwani unakiimarisha, hata kama kimetoka kwa shida, na mara nyingi ile shida ndio inayokiimarisha. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, kwa miaka mingi amekuwa akisisitiza hilo, kwamba kuna ugumu wa aina fulani wakati wa kujifunza unaokupunguzia spidi leo lakini unakujengea kesho, na ukimwondolea mwanafunzi ule ugumu kwa nia njema tu unakuwa umemnyang'anya kitu.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hii ukiwa na mtihani mbele yako, kitu cha kufanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Soma mada mara moja kwa utulivu, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka, na chora kama kuna michoro. Utafika mahali kichwa kinagoma. Usikimbilie kufungua, kaa hapo dakika moja mbili uhangaike, alafu ndio ufungue daftari na ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Ile rangi ya pili ndio inakuonyesha usichokijua. Kesho kutwa rudia bila kuangalia, baada ya wiki rudia tena, utaona ile rangi ya pili inapungua. Siku ya kwanza utajisikia vibaya, utaona umetoa mistari sita kwenye mada ya kurasa kumi, na wengi wanaacha hapo hapo wanarudi kwenye kusoma tena na tena kwa sababu kule wanajisikia wanajua. Vumilia. Nakuomba sana uvumilie hiyo siku ya kwanza.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti za mbinu kumi ambazo wanafunzi wanazitumia na kuzipima moja moja. Mbili tu ndio zilipata alama ya juu kabisa ya manufaa, kujipima mwenyewe na kutawanya usomaji kwa siku tofauti badala ya kurundika siku moja. Kupiga mistari ya rangi na kurudia kusoma zikaangukia chini. Zimeenea kila mahali lakini ziko chini.

Hesabu nayo ina kisa chake na hiki kinawahusu zaidi wanaoandika vitabu. Fungua kitabu chochote cha hesabu uone mazoezi yalivyopangwa, mada ni ujazo wa umbo fulani, kanuni iko juu, alafu maswali 20 yote ya kanuni ile ile. Mtoto anafanya la kwanza kwa shida, la pili afadhali, kuanzia la tano anachomeka namba tu bila hata kusoma swali linasema nini, anapata 18 kati ya 20, kila mtu anafurahi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walifanya jaribio na wanafunzi wa chuo, kuna maumbo manne yasiyo ya kawaida na kila moja lina kanuni yake ya kutafuta ujazo. Kundi la kwanza likafanya maswali yote ya umbo moja ndio likahamia lingine, kundi la pili likafanya maswali yale yale ila yamechanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la maswali mchanganyiko likapata 60. Wiki moja baadae kwenye mtihani, la kwanza likapata asilimia 20, la mchanganyiko 63.

Kutoka 89 mpaka 20, ndani ya wiki moja tu.

Sababu yenyewe inaeleweka ukiifikiria. Kwenye mtihani, na hata maishani, swali haliji limeandikwa juu yake tumia kanuni namba tatu. Kazi kubwa ni kulitambua hili ni swali la aina gani, kanuni ya kuchomeka namba inakuja baada ya hapo na mara nyingi ndio sehemu rahisi. Mazoezi ya aina moja mfululizo yanamwondolea mwanafunzi ile kazi kubwa kabisa kabla hajaanza, anabaki na hesabu za kuchomeka. Kwa hiyo tunakuwa na watoto wanaofanya vizuri kila testi ya mada moja moja alafu mtihani wa mwisho ukichanganya mada zote wanaanguka, na tunasema walipaniki. Wengine kweli walipaniki, ila wengi hawakuwahi kufundishwa kuchagua njia. Na kulirekebisha hili hakuhitaji pesa, mwalimu anaweza leo hii kuchukua maswali matatu ya mada mpya, akaongeza mawili ya mwezi uliopita na moja la muhula uliopita, bila kuyawekea vichwa vya habari.

Tatizo ni kwamba mwanafunzi mwenyewe atalalamika, na mzazi ataona alama za mazoezi zimeshuka na kuja shule. Hili nalo limepimwa. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake pale Harvard waligawa wanafunzi wa fizikia, wengine wakapewa mhadhara mzuri uliopangika, mtu anaongea kwa ufasaha, wengine wakapewa maswali wahangaike nayo kwa vikundi kwanza alafu ndio waelezwe. Waliohangaika walijifunza zaidi, mtihani ukaonyesha. Ila walipoulizwa wanaonaje, waliosikiliza mhadhara ndio waliosema wamejifunza zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha vizuri kweli anaweza kabisa kupata maoni mabaya kuliko yule anayeongea vizuri, na kama shule inapima walimu kwa kuangalia wanafunzi wameridhika kiasi gani basi inawasukuma walimu wake bora waache kinachofanya kazi. Ndio maana nasema elimu hii lazima wapewe wanafunzi na wazazi pia, sio walimu peke yao kwenye semina. Mtu akijua mapema kwamba ule ugumu ndio kazi inayofanyika hatakimbia.

Najua kuna watu wakifika hapa wanasema haya yote ni kukariri tu, dunia ya leo inataka watu wanaofikiri, taarifa ziko kwenye simu. Nawaelewa, manake kuna shule zimekaririsha watoto mpaka zimewaua hamu, mtoto anaimba tafsiri ya neno asilolielewa na anapewa tiki. Hilo silitetei hata kidogo. Lakini kufikiri kunahitaji kitu cha kufikiria nacho. Mwaka 1988 Recht na Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani hadithi ya mechi ya besiboli waisome. Baadhi ni wasomaji wazuri, baadhi ni dhaifu kwa vipimo vya kusoma, na ndani ya kila kundi kuna wanaoujua mchezo na wasioujua. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliielewa na kuisimulia ile hadithi vizuri kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Ufahamu ulikuja kutokana na walichokuwa nacho kichwani kabla hawajafungua ukurasa. Kwa hiyo ule uwezo wa kuelewa na kuchambua tunaousifia unakaa juu ya maarifa, huwezi kuufundisha ukiwa hewani.

Na kujikumbusha hakuishii kwenye mambo ya tarehe na majina. Karpicke na Janell Blunt mwaka 2011 walilinganisha wanafunzi wanaojikumbusha bila kuangalia na wanaochora ramani ya dhana, yani mchoro wa mawazo yaliyounganishwa kwa mistari, huku kitabu kiko wazi mbele yao, hii ya ramani wengi tunaiona ni ya kisomi zaidi. Wiki moja baadae waliojikumbusha waliongoza, na waliongoza hata kwenye maswali yanayotaka mtu aunganishe mambo mwenyewe. Sio kwamba ramani ni mbaya, chora, ila funga kitabu kwanza.

Kuna kona moja lakini ambapo hii habari ya ugumu inaweza kuharibu, na wapo wanaoibeba vibaya. Mtu mgeni kabisa na kitu usimtupe tu ahangaike. Kichwa kina sehemu ndogo sana ya kushikia mambo mapya kwa wakati mmoja, George Miller mwaka 1956 aliandika kuhusu vitu saba kutoa au kujumlisha mbili, Nelson Cowan mwaka 2001 akashusha mpaka kama vinne. Mwanafunzi mpya wa aljebra anashika alama, anashika kanuni, anashika hatua aliyopo, anashika swali linataka nini, tayari kumejaa. Ukimwambia agundue njia mwenyewe atabahatisha saa nzima, pengine apate jibu, na asijue alilipataje. John Sweller wa Australia na mwenzake Graham Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanaoanza aljebra wananufaika zaidi wakipewa maswali yaliyofanyiwa tayari hatua kwa hatua wayasome, kuliko kuachiwa wafanye yote wenyewe. Alafu mtu akishaiva mambo yanageuka, ile mifano inakuwa mzigo na inabidi umwachie. Kwa hiyo mwalimu mzuri anaanza kwa kumshika mkono mwanafunzi na anaendelea kumwachia kidogo kidogo, na kujua lini umwachie ndio ufundi wenyewe wa kazi ya ualimu. Hilo hakuna utafiti utakaomfanyia, inabidi amwangalie mtoto aliye mbele yake.

Niguse haraka na ile habari ya huyu anajifunza kwa kuona, yule kwa kusikia, mwingine kwa kushika. Inapendwa sana kwenye semina. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wake na hawakukuta msingi wa kutosha wa kupanga masomo hivyo. Watu wana vitu wanavyovipenda, sawa, ila mchoro wa moyo unamfaa kila mtu anayejifunza moyo na matamshi ya lugha inabidi kila mtu ayasikie. Kumwambia mtoto wa miaka 12 kwamba wewe sio mtu wa kusoma, wewe ni mtu wa kushika, ni kumfungia mlango, naomba tuache.

Turudi kwenye mitihani, manake mtu anaweza kusema kumbe unataka watoto wapimwe zaidi na sasa hivi tayari wana stresi. Nataka wapimwe mara nyingi zaidi na wahukumiwe mara chache zaidi. Testi ya shule nyingi leo ni ya kupanga watoto, nani wa kwanza nani wa mwisho, inabandikwa ukutani, mzazi anaitwa. Kwizi ya maswali matano mwanzoni mwa kipindi, haina alama, hairekodiwi, kila mtu anajisahihishia mwenyewe na mwalimu anauliza wangapi swali la tatu limewagomea, hiyo ni kitu kingine kabisa. Pooja Agarwal na wenzake waliwauliza wanafunzi zaidi ya 1,400 wa shule waliokuwa wanafanya kwizi za namna hii, na asilimia 72 walisema zimewapunguzia wasiwasi wa mitihani. Ukifikiria ni kweli, mtu anaogopa kitu anachokutana nacho mara mbili kwa mwaka na kina maisha yake yote ndani, akikizoea kila siku kikiwa hakina kisu hofu inashuka. Na kuna la Ruth Butler, mwaka 1988, alilinganisha wanafunzi waliopewa maoni tu kwenye kazi zao, waliopewa alama tu, na waliopewa vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio walioendelea vizuri, waliopewa vyote wakawa kama wale wa alama tu. Mtoto akiona namba hasomi tena ulichomwandikia. Mwalimu amekaa mpaka usiku anaandika maoni kwenye madaftari 60 alafu juu ameweka 11 kati ya 20, kazi yake yote imepotea kwa ile namba moja.

Na usingizi jamani. Saa ya mwili ya kijana aliyebalehe inasogea mbele, usingizi unamjia kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, sio kiburi wala simu peke yake. Kinachosomwa mchana kinaendelea kupangwa na kuimarishwa akiwa amelala. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2014 kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, Seattle wakasogeza muda mwaka 2016 na kipimo kikaonyesha vijana walipata kama dakika 34 zaidi za usingizi kila siku, na California ikaweka sheria kabisa ambayo ilianza kufanya kazi mwaka 2022. Sisi tunamsifia mtoto anayeamka saa tisa usiku kusoma. Anayelala anasoma pia, na mzazi anayemwambia zima taa ulale anamsaidia kuliko anayemwekea kahawa.

Sasa imeingia akili bandia na hapa naona hili suala limekuwa la haraka kuliko zamani. Watafiti, akiwemo Hamsa Bastani, walifanya jaribio Uturuki na wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari kwenye hesabu. Waliopewa programu ya kawaida inayojibu kila unachouliza, alama zao za mazoezi zilipanda kwa asilimia 48. Ilipoondolewa na wakafanya mtihani peke yao, walishuka asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuishika kabisa. Kulikuwa na kundi la tatu, hao programu yao ilitengenezwa kwa msaada wa walimu iwape dokezo bila kuwapa jibu, mazoezi yalipanda sana, zaidi hata ya kundi la kwanza, na kwenye mtihani yale madhara kwa sehemu kubwa hayakuonekana. Ni hadithi ile ile ya maswali 20 ya aina moja, ile ile ya kusoma mara 14, alama nzuri za leo zinaficha kwamba hakuna kilichojengwa, ila sasa iko mfukoni mwa kila kijana na inajibu kwa sekunde mbili. Kuipiga marufuku hakutafika popote. Ila kijana ambaye hajawahi kuelezwa kwamba kule kuhangaika ndio kujifunza kwenyewe, kwa nini asichukue jibu? Kwa akili yake kazi ni kupata jibu, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo kwa miaka yote ya shule.

Ndio maana siridhiki na kuyaacha haya kama vidokezo vya kusoma anavyopewa mwanafunzi mmoja mmoja mwenye bahati ya kuvikuta. Mtoto anaweza kufunga daftari na kujipima kwake chumbani, ila hawezi kujipangia ratiba ya shule, hawezi kubadilisha mpangilio wa kitabu, hawezi kumpa mwalimu wake nafasi ya kurudi nyuma. Walimu wengi ukiwaambia warudie mada za zamani watakujibu silabasi haiishi, na wanasema kweli, wanapimwa kwa kumaliza. Kwa hiyo swali linatakiwa kwenda kwa wanaoipanga hiyo silabasi, je kuna muda wa kurudi umewekwa ndani yake au mmejaza mada mpya mpaka wiki ya mwisho? Kama mada ni 20 na hakuna nafasi ya kurudia hata moja, punguzeni zibaki 15, na muda uliopatikana uwe wa kuzirudia zilizobaki kwa kuchanganya na kwa kujipima. Mtasema watoto watakosa mada tano. Hata sasa hizo tano zinapitiwa mbio mbio mwishoni na mwezi ukifuata hawana hata moja kichwani, kwa hiyo kitakachokosekana ni mistari mitano tu kwenye mpango wa kazi wa mwalimu.